Mgongo wa Nakiete

Mume wangu aliniita kwa jina la dada yake. Nilikuwa uani nimempa mgongo, naanua tangawizi, nikamsikia nyuma yangu anasema, "Nakiete, umefika saa ngapi?" Nilipogeuka akajishika kichwa, akasema macho yamechoka. Nikamjibu kwamba macho yake hayajawahi kuwa mazima, ndiyo maana alinioa. Tukacheka, nikalibeba gunia langu peke yangu nikaliingiza ndani. Ningetulia siku ile nikafikiri kidogo, ningejua. Lakini nani ana muda wa kufikiri wakati anabeba gunia zima peke yake na kiuno hakilalamiki?

Mimi ni Naelijwa, mke wa Mchome, wa hapa Mfinga, huku juu milimani Upare. Siku hizi tangawizi yetu inateremka kwa matenga ya umeme yanayopita angani kwenye waya mpaka kituo cha treni bondeni, na ukikaa kibarazani unayaona yanapishana mchana kutwa. Tangu utoto wangu watu waliniita Sindano. Nilikuwa mwembamba wa kusikitisha. Makande niliyopikiwa na mama yangu yangenenepesha shule nzima, kwangu yalikuwa yanapita tu. Nikaolewa nikiwa Sindano, nikazaa nikiwa Sindano, na saratani ikanikuta vilevile. Wakanitoa titi la kulia.

Watu wanadhani ukishashonwa na dawa zikaisha mambo yamekwisha. Wapi. Mimi nilirudi nyumbani, nikapanda mizani ya zahanati, ikaonyesha kilo zilezile za siku zote. Nikafurahi, nikajiona nimepona. Kisha nikashindwa kufungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya kupikia. Nikashindwa kupanda kilima cha kanisani bila kukaa njiani mara mbili kama bibi harusi anayedeka. Daktari ndiye aliyenieleza: dawa zinakausha homoni, na homoni zikikauka misuli inayeyuka polepole, mifupa inalainika, na mafuta yanakuja kukaa mahali pa nyama iliyoondoka, hasa tumboni. Mizani haioni hayo, inahesabu kilo tu. Nilikuwa nimebadilishwa ndani kwa ndani. Sindano yenye kitambi. Wifi yangu Nakiete, dada yake Mchome, alipolisikia hilo alicheka mpaka akakaa chini, na alikuwa na haki ya kucheka, kwa sababu yeye mwenyewe alishatolewa titi la kushoto kabla yangu na mikono yake ilikuwa imelegea vilevile.

Kilichotuinua ni fulana.

Fulana ni kitu chepesi cha kijivu, kimefumwa kwa nyuzi zinazopitisha umeme mdogo ambao huusikii. Unaivaa ndani ya nguo. Inapima mafuta, misuli, mfupa na maji, halafu inauelekeza mwili taratibu: hapa jenga, hapa punguza. Titi haioteshi, na hilo tuliambiwa mapema. Kila fulana imewekewa umbo lengwa, yaani picha ya mwili inaoutafuta, na sheria inataka picha hiyo iwe ya mwili wako mwenyewe kabla hujaugua. Wanaikusanya kutoka kwenye vipimo vyote ulivyowahi kupimwa, kuanzia kliniki ya wajawazito. Wenyewe wana msemo wao kule kliniki, kwamba wao wanarudisha, hawabuni. Pembeni kwenye pindo kuna kitaa kidogo. Kikiwa cha kijani, maana yake mwili unaelekea kwenye umbo lake.

Wanawake wenye fulana huku milimani tuliunda kikundi, tukakiita Kifua Kimoja. Watu walitucheka kwa jina hilo mpaka tulipoanza kuwashinda kuvuta kamba. Na kabla ya Krismasi iliyopita tulikaa tukakubaliana kwamba kijivu ni rangi ya mashuka ya wodini. Sisi huku hatujui kwenda mahali kwa pamoja bila sare. Harusi sare, msiba sare, sembuse kamba ya Mei Mosi? Tukachanga kitenge cha manjano chenye majani ya mgomba, tukampelekea Mama Penueli, fundi wetu na mwenzetu, azivike fulana zote kitambaa kimoja. Akaziweka kwenye beseni, akazirudisha zinapendeza mno.

Tangu Krismasi ile ndipo mwili wangu ulipoanza kuitika. Mabega yalitanuka, mapaja yakashikana. Gauni langu la kanisani lilipasuka kwapani nikiwa katikati ya wimbo, nami sikuona haya, niliumaliza wimbo. Nilikuwa najisimamisha mbele ya kioo asubuhi, kovu langu likiwa pale pale upande wa kulia, nikajitazama nikaridhika. Miaka yangu yote sikuwahi kuupenda mwili wangu. Nilianza kuupenda nikiwa na titi moja.

* * *

Nakiete naye alikuwa anapungua.

Hilo ndilo lililonitia doa kwenye furaha yangu. Nakiete alikuwa nanga wetu, yule mtu wa mwisho anayejizungushia kamba kiunoni na akikaa amekaa. Ni mwanamke aliyebeba tangawizi kichwani na mabegani tangu akiwa msichana, kabla matenga ya umeme hayajafika, na bega lake la kushoto limeshuka kidogo kwa sababu ya mizigo ile. Baada ya Krismasi mikono ilianza kumwisha. Akasogezwa mbele kwenye mstari, kisha akawa wa akiba, kisha akasema atakaa kwenye kiti na kutupigia mdundo tu: vuta, shika, vuta. Nafasi ya nanga wakanipa mimi, Sindano, na mimi niliipokea.

Hakutaka kwenda kliniki. Alisema anajua atakachoambiwa. Mama yake mzazi alianza vilevile, kupungua kidogo kidogo, na alipokwenda kupimwa ugonjwa ulikuwa umesharudi na kukaa kwenye mifupa. Nikamwonyesha kitaa cha fulana yake, kijani kabisa, nikamwambia fulana inasema anaendelea vizuri. Akaniambia hata hicho kitaa wamekifundisha kutudanganya ili tusiogope.

Halafu akaanza kugawa vitu vyake. Alianza na sufuria. Ile kubwa ya kupikia pilau ya harusi, ambayo nilikuwa ninaitolea macho tangu nilipoolewa, aliileta mwenyewe kwa mkokoteni mpaka mlangoni kwangu. Nikamuuliza anahama? Akasema anapunguza vitu ndani. Nilijua anachokisema na yeye alijua kwamba nimejua. Tukazungumza habari za mvua.

* * *

Jumanne ya wiki ya Mei Mosi nilikwenda kliniki kwa zamu yangu. Dokta Kiondo ni binti wa Tanga, mpole, anakuamkia kwanza ndipo akushike mkono. Akaunganisha fulana yangu na mashine yake, akasoma, akatabasamu. Akasema nimebakiza kidogo sana kufika, na kwa kuwa nimekaribia hivyo ameruhusiwa kunionyesha umbo lenyewe. Mwanzoni hawakuonyeshi, kwa sababu mtu akiliona akiwa bado yuko mbali anakata tamaa.

Akapunguza mwanga. Umbo likasimama hewani katikati ya chumba, limenipa mgongo, halina kichwa wala rangi, kifuani wameliacha bapa. Likaanza kugeuka taratibu.

Nilitazama mapaja, nikatazama kiuno, nikafika kwenye mabega. La kushoto lilikuwa limeshuka kidogo.

Nilimjua. Nilisoma naye, nilitembea nyuma yake kila siku ya soko tukiwa wasichana, yeye na tenga zima, mimi na nusu tenga nikilalamika. Yule hakuwa mimi hata kidogo. Alikuwa Nakiete wa miaka ile alipokuwa anaolewa.

Mara akilini nikaliona beseni la Mama Penueli. Nikaziona na zile lebo. Fulana hazina majina ndani yake. Zamani zilikuwa nayo, waajiri wakawa wanazisoma na kuwaachisha kazi wanawake wenye mifupa laini, ndipo ikapigwa marufuku, na tangu hapo fulana haijui imevaliwa na nani. Kinachoitambulisha ni lebo ya kitambaa yenye namba, imeshonwa shingoni. Na zile lebo zilikuwa zinakwaruza, tulilalamika wote, kwa hiyo Mama Penueli kwa wema wake alizichomoa kwa wembe akazitia kwenye kopo la vifungo. Akatugawia fulana kwa kukadiria, kwa sababu zote zinanyumbuka na zote zilikuwa za manjano.

Kwa hiyo mimi nilikuwa najengwa kuwa Nakiete. Na Nakiete, masikini, alikuwa anajengwa kuwa Sindano, na alidhani anakufa.

Dokta Kiondo aliniuliza kama nimelipenda umbo langu. Hakuwa na sababu ya kushuku chochote, mashine yake ilikuwa inaonyesha mwili na umbo vinakaribiana, kazi safi. Ningesema neno moja tu. Badala yake nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu, hivi umbo likibadilishwa kunatokea nini? Akasema mwili unalegea kwanza, wiki mbili tatu hivi, misuli inasubiri amri mpya, kisha unaanza safari yake upya. Nikamshukuru, nikavaa, nikaondoka.

* * *

Nitasema nilivyofikiri, hata kama si vizuri.

Nilifikiri: Mei Mosi ni Jumamosi. Leo Jumanne. Mtu haumii kwa kusubiri siku hizo chache. Wanawake wa kiwanda cha tangawizi wametushinda mwaka juzi na mwaka jana, na mwaka huu wana hofu na sisi kwa sababu ya nanga wetu, na nanga ni mimi. Nikisema leo, fulana zitabadilishwa, nitalegea, na Kifua Kimoja kitaburuzwa uwanjani mbele ya wilaya nzima. Nikisema Jumapili, hakuna atakayepoteza kitu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kwenye treni, na maneno yalikaa vizuri kabisa.

Lakini chini ya maneno hayo kulikuwa na lingine, na hilo halikuhusu kamba. Sikutaka kurudi kuwa Sindano. Basi. Nilijua sheria inavyosema, nitarudishiwa mwili wangu halisi, na mwili wangu halisi sikuutaka. Nilimwonea wivu Nakiete kwa kitu ambacho nilikuwa nimekivaa mimi.

Nyumbani Mchome aliniuliza mbona sili. Nikamwambia nimeshiba. Kesho yake kwenye mazoezi nilivuta vibaya, na Nakiete kwenye kiti chake akanisuta mbele ya wote, akasema nanga mwenyewe anaelea leo. Wenzangu wakacheka. Nilijisikia mchafu.

Alhamisi mchana nilimpelekea mboga. Nilimkuta ametandaza nguo zake zote kitandani, amezipanga mafungu mafungu, hili la huyu, hili la yule. Kitenge cha manjano cha Kifua Kimoja, kile kilichobaki kwa fundi, alikuwa amekiweka peke yake juu ya kiti. Nikamuuliza hicho ni cha nani. Akasema bila hata kugeuka kwamba hicho ni chake, anataka tumvike siku ile, ili tukimbeba tuwe sare.

Nikaweka mboga chini. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, umbo, bega, beseni, wembe, kopo la vifungo. Sikupanga maneno. Nakiete alisikiliza amesimama, ameshika sketi mkononi, na nilipomaliza akakaa kitandani juu ya mafungu yake.

"Kwa hiyo siumwi," akasema.

"Huumwi. Unageuka kuwa mimi."

Alinitazama kuanzia juu mpaka chini. "Afadhali ningeumwa."

Nikacheka, naye akacheka, ule mcheko wake wa zamani wa kukaa chini, ila safari hii alikuwa ameshakaa, kwa hiyo akalala. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akanishika mkono, akaubana kwa nguvu zake zote, na nguvu zenyewe zilikuwa ndogo. Kisha akakaa wima, akaniachia mkono. Akaniuliza nimejua tangu lini.

Ningeweza kusema ni leo. "Tangu juzi," nikamwambia.

"Juzi." Akaliacha neno hilo lipite. "Juzi jioni nilikuwa nachagua nyimbo, wifi. Nilichagua nyimbo zangu za kuzikiwa, na wewe ulikuwa unajua."

Nilimwambia nilitaka kusubiri kamba ipite, kisha nikamwambia na lile la chini yake, kwamba mwili wake nimeupenda na sikutaka kuurudisha. Nililia mbele yake, na mimi si mtu wa kulia mbele ya wifi. Yeye hakunibembeleza. Aliinuka akaanza kurudisha nguo kabatini, moja moja, na katikati ya kazi hiyo akaniambia niende nikamletee sufuria yake. Ile ya pilau. Leo hii, kabla jua halijazama, na mimi mwenyewe niibebe kichwani kwa kuwa mabega ya kubebea ninayo.

Niliibeba. Njia nzima watu waliniuliza kuna harusi ya nani.

* * *

Ijumaa tulikwenda kliniki wote wawili. Mama Penueli alitupa kopo lake la vifungo, lebo zote zimo, na kutokana na lebo Dokta Kiondo alizipata namba, na kwa namba akayapata maumbo. Aliyasimamisha mawili pamoja hewani, la Nakiete na langu. Sijui kwa nini nilishtuka. Umbo langu lilikuwa dogo sana. Lilisimama pale mabega yamejikunja kwa ndani, kama mtu anayeomba radhi kwa kuwa chumbani.

Dokta alizisoma tena namba zote mbili. Akaamuru fulana zote za Kifua Kimoja ziletwe zikaguliwe, na Mama Penueli, aliyekuwa anasubiri nje, akaitikia kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake. Fulana ya Nakiete akaiwekea umbo lake palepale. Akamweleza kwamba atalegea wiki chache, kisha nguvu zitarudi, na mifupa yake itarudi. Nakiete akamwuliza kama anaweza kulisema hilo tena. Akalisema tena.

Kisha akanigeukia mimi, kidole kwenye mashine.

"Mama, hapa naweka umbo lako."

"Lile pale?"

"Ndiyo, mama. Lako halisi."

Nikamuuliza yule pale mifupa yake ikoje. Hakutaka kujibu, lakini ni mkweli yule binti, akasema ni myembamba. Nikamuuliza, kuliko yangu ya leo? Akasema ndiyo. Nikamuuliza ni yupi kati yetu atakayeanguka bafuni akavunjika nyonga akiwa mzee.

"Sindano ndiye aliyeugua, mwanangu," nikamwambia. "Kwa nini mnahangaika kumrudisha yeye?"

Dokta Kiondo alitoa kidole kwenye mashine, akavuta kiti akakaa. Alituambia kwamba swali hilo amejiuliza na yeye. Lakini sheria haikutungwa na wajinga. Siku ikiruhusiwa kumpa mtu mwili ambao hakuwahi kuwa nao, kila mtu atataka wa kuchora, na fulana zilizotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa zitahamia kwa wenye kutaka viuno. Nikamwambia mimi sitaki wa kuchora. Huu umeishi. Umebeba tangawizi. Mwenyewe yuko hapa.

Wote wawili tukamtazama Nakiete. Yeye alikuwa analitazama umbo lake, ambalo wakati huo lilikuwa limetuelekea kwa mbele, na hakuwa na haraka.

Akasema, "Abaki nao. Namwazima."

Dokta akatikisa kichwa. Akasema kwa upole kwamba leo ni wifi kwa wifi, kesho atakuja tajiri kuyanunua mabega ya mchukuzi wa mizigo, naye mchukuzi atauza kwa sababu ya shida. Atafungua mlango ambao hataweza kuufunga. Alikuwa anasema kweli, na mpaka leo naamini hivyo.

Nakiete akamjibu kwamba yeye hauzi. Tangu azaliwe watu wamekuwa wakiyatumia mabega yake, baba yake, mume wake, wenye mashamba, na hakuna aliyemwomba. Hii ndiyo mara ya kwanza anaulizwa. Anataka aonje kusema ndiyo. Lakini ana masharti: akitaka kuurudisha, unarudi siku hiyo hiyo, na mimi sitamwuliza sababu. Na msimu wa kuvuna, kwa kuwa yeye atakuwa bado amelegea, nani atalivuna shamba lake? Akanielekezea kidevu.

Dokta Kiondo akasema atawaandikia wakubwa wake jambo lote lilivyo, bila kuficha, na wao watajadili kama mwili unaweza kuazimwa. Huenda wakasema hapana. Mpaka watakapojibu, yeye hataigusa fulana yangu, kwa sababu hawezi kumdhoofisha mtu mzima kwa mikono yake akijua anachokifanya. Alisema huenda hilo likamgharimu. Nikataka kumkumbatia, nikakumbuka nguvu zangu, nikamshika mkono tu.

* * *

Mei Mosi jua liliwaka vizuri. Uwanja ulijaa, brasbendi ilipiga, viongozi walikaa kivulini na sisi tukasimama juani na manjano yetu. Wanawake wa kiwanda walivaa bluu. Walinitazama nilivyojizungushia kamba kiunoni, mmoja akamnong'oneza mwenzake.

Nakiete tulimwekea kiti nyuma yangu kabisa. Alikuwa amelegea kweli, shingo imekuwa nyembamba, lakini alikuwa amekula ugali asubuhi na alinitangazia habari hiyo kama mtu aliyefaulu mtihani. Kazi yake ilikuwa mdundo. Bila mdundo mmoja anavuta huku mwenzake anapumua, na kamba inakwenda.

Mvuto wa kwanza tulishinda. Sauti yake ilikuja nyuma yangu, vuta, shika, vuta, nami nilikanyaga, nikakaa, na watu wa bluu walitujia wenyewe. Nilisikia Mchome anapiga kelele kwa jina langu, safari hii langu.

Mvuto wa pili tulianza vizuri vilevile. Vuta, shika, vuta. Kisha sauti ikakatika. Nilisubiri neno, halikuja. Mbele yangu wenzangu wakaanza kuyumba, huyu anavuta, huyu anashika, na kabla sijajua la kufanya visigino vyangu vilikuwa vinalima uwanja. Tukaburuzwa. Filimbi ikalia: wao mvuto mmoja, sisi mmoja.

Nikajifungua kamba nikamwendea nimefura. Nilidhani amezimia, na nilipoona hajazimia nikazidi kufura. Nikamwuliza ana nini. Alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, wala hayafuti.

"Geuka," akaniambia.

"Wifi, tumeburuzwa."

"Geuka kidogo, nakuomba."

Nikageuka. Nikasimama hivyo, nimempa mgongo, mbele ya wilaya nzima, jasho limeigandisha fulana mwilini. Nikausikia mkono wake. Aliuweka kwenye bega la kushoto, lile lililoshuka, akaupitisha taratibu mpaka katikati ya mgongo, mpaka kiunoni.

"Nimeubeba miaka yote hii na sijawahi kuuona," akasema. "Kumbe nilikuwa mzuri namna hii, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia."

Mimi nilitembea nyuma ya mgongo ule ujana wangu wote, kila siku ya soko, na sikumwambia.

Mwamuzi akatuita kwa mvuto wa tatu. Nakiete alijifuta uso kwa pindo la kitenge, akakohoa akaisafisha sauti yake, akaniambia niende, yuko tayari sasa. Nilirudi kwenye nafasi yangu nikajizungushia kamba kiunoni, nikachimba visigino. Kisha kabla ya filimbi nikajinyoosha, mabega yote mawili, lililonyooka na lililoshuka, nikampa mgongo wake autazame vizuri.